MSEMAJI WA SERIKALI: KIRANGOZI AU MPIGA ZUMARI?

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuiona tahariri ya gazeti letu dogo la visiwani ikianza kwa kuutaja mji wa Sikonge, ulio bara ya mbali, kiasi cha kilomita 70 kusini ya Tabora. Mtauliza: Sikonge na Unguja, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba Sikonge na Unguja zimefungwa kwa kamba moja mara mbili: kwanza kwa misafara ya zamani, na pili kwa deni la maji. Na katika yote mawili limo funzo juu ya jambo tunalotaka kulinena leo, nalo ni kazi ya yule mtumishi ambaye serikali humweka katika idara na mamlaka zake akaitwa afisa wa khabari, au mkuu wa uhusiano na umma.

Tuanze na ya kale. Katika karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo, kwa mali ya matajiri wa Unguja na kwa mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, ikikata pori hadi Tabora. Hatuisifu biashara ile. Ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia binadamu wenzetu. Lakini katika misafara ile alikuwapo mtu mmoja ambaye kazi yake yafaa kukumbukwa, naye ni kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele na bendera, na bendera ya msafara wa Unguja ilikuwa nyekundu. Jioni, mizigo ikisha tuliwa, yeye ndiye aliyesimama kuwatangazia wenziwe kama kesho ni safari au ni mapumziko. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwezi wa Novemba 1857, ameyaandika hayo kwa urefu.

Sasa fikirini. Baina ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, nchi kavu ambayo maji yake ni ya shida. Kirangozi aliyewaambia watu kuwa kisima ki karibu, ilhali ki mbali, alikuwa akijidanganya na nafsi yake, maana alikwenda kwa miguu ile ile na kiu ile ile. Khabari yake ilidhaminiwa na koo lake mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kirangozi na mpiga zumari. Mpiga zumari hulipwa apige wimbo autakao mwenye karamu, na maji yakikosekana yeye yumo kivulini.

Tuje kwenye deni. Mwezi wa Juni 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Sikonge ni mmoja wa miji hiyo, na maji yanayokusudiwa kufikishwa huko ni ya Ziwa Victoria. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Serikali hiyo hiyo ya India ilitia saini mkopo wa dola milioni 92.18 kwa ajili ya kutengeneza maji ya Zanzibar. Mkopo si zawadi. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge na mvuvi wa Nungwi, wajue wasijue, wote wawili ni wenye kulipa. Na mwenye kulipa ana haki ya kuuliza: bomba limefika wapi? Fedha zimetumika ngapi? Maji yatafunguliwa siku gani, na yakichelewa, yamechelewa kwa sababu gani?

Masuala hayo ndiyo kazi ya afisa wa khabari. Kazi yake haikuwa kamwe kumpiga picha mkubwa akikata utepe, wala kuhesabu mara ngapi jina la waziri limetajwa redioni. Tuseme mtambo umeharibika na maji hayatatoka kwa siku tatu. Afisa mwema hutangaza tangu jana yake, redioni, misikitini, makanisani, sokoni na katika simu za watu, ili mama ateke akiba. Afisa mwovu hunyamaza, na siku ya tatu hutoa waraka wa kusifu juhudi za mamlaka. Yule wa kwanza amelinda heshima ya serikali yake kwa kusema kweli. Wa pili ameivunja, akidhani anaijenga.

Iko mifano ya kuyathibitisha haya, na hatuhitaji kwenda mbali na Sikonge. Urambo, katika mkoa huo huo wa Tabora, ilikuwa moja ya sehemu za ule mradi mashuhuri wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Ulimwengu ulitangaziwa kuwa zitalimwa ekari zaidi ya milioni 3. Matangazo yalikuwa mazuri, na mawaziri wa London waliyatetea kwa maneno matamu hata pale mashamba yalipokwisha kutoa jawabu jingine. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha paundi milioni 36. Maneno matamu hayakuiotesha karanga hata moja. Lau wasemaji wa mradi ule wangaliruhusiwa mapema kusema kuwa ardhi ni ngumu na mvua haitoshi, pengine hasara ingalipungua.

Lakini insafu inatulazimu kusema na mema. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika makundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakajadiliana wenyewe kwa wenyewe juu ya malaria, maji machafu na vyoo. Baada ya majadiliano walichimba vyoo kwa mikono yao. Huo ulikuwa uhusiano na umma kwa maana yake ya kweli, kwani redio ilisema na watu nao wakapewa nafasi ya kusema. Na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, serikali hiyo hiyo ilitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Hapo hapakuwa na majadiliano. Yakaja malori, na katika mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu. Serikali ni ile ile, redio ni ile ile, mwaka ni ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba mara moja raia aliulizwa, na mara nyingine aliarifiwa tu.

Je, sheria yasemaje? Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Sheria hiyo inaitaka kila taasisi ya umma kuteua afisa wa kupokea maombi ya raia, na inampa siku zisizozidi 30 za kujibu. Akikataa, hana budi kutoa sababu kwa maandishi. Sheria hiyo ina upungufu wake, lakini walau mtu wa Sikonge aliyenyimwa jawabu ana karatasi ya kuishika mkononi. Na sisi? Sheria hiyo ilitungwa kwa Tanzania Bara peke yake. Haivuki bahari. Wakati Bara walipoipata, Zanzibar ilikuwa ingali ikiendeshwa kwa sheria ya magazeti ya mwaka 1988, ambayo inampa mtawala njia ya kufunga gazeti kuliko inavyompa raia njia ya kufungua jalada. Hatukusahau kuwa gazeti la Dira lilifungwa hapa hapa mwaka 2003. Deni la maji lilivuka bahari bila ya taabu, na haki ya kuuliza juu ya maji ikabaki pwani ya pili. Hayo ndiyo malalamiko yetu, na twayasema wazi.

Wako watakaotujibu kuwa afisa wa khabari ni mtumishi, na mtumishi humtii aliyemwajiri. Tumekubali. Lakini mwajiri wake ni nani? Mshahara wake hautoki mfukoni mwa mkurugenzi. Unatoka katika kodi ya muuza samaki na ya mwenye duka. Akimficha raia ili ampendeze mkurugenzi, amemwibia bwana mkubwa ili amfurahishe bwana mdogo. Hata hivyo tusimlaumu mtu mmoja asiye na nguvu. Afisa asiyeketi katika baraza ambamo maamuzi hukatwa, anayepewa waraka uliokwisha andikwa na kuambiwa ausome, huyo naye ni mpagazi tu, amebebeshwa mzigo asioujua uzito wake. Ndiyo maana tunataka mkuu wa khabari wa kila taasisi awe na kiti barazani, awe na ruhusa ya kumwambia mkubwa wake kuwa jambo hili si kweli na sitalitangaza, na awe na daftari la masuala ya raia lenye tarehe ya swali na tarehe ya jawabu. Daftari hilo peke yake litatuonyesha serikali inayosikia na serikali isiyosikia.

Ndugu wanachama, neno la mwisho ni letu sisi wenyewe, na huenda likawa chungu. Ni rahisi kuitaka kweli kwa aliye madarakani. Siku wananchi watakapotupa dhamana, ofisi zile zile za khabari zitakuwa mikononi mwetu, na kishawishi kile kile kitatujia cha kuzigeuza zumari la chama. Basi tuanze sasa. Karatasi hii yetu, iliyochapwa kwa wino hafifu, isichapishe uvumi kwa kuwa unamuumiza mpinzani. Tukikosea, tusahihishe katika toleo linalofuata, na masahihisho tuyaweke ukurasa wa mbele, yasijifiche nyuma. Na kila tawi lichague suala moja lililo zito kwa watu wake, likiwa ni maji, au zahanati, au bei ya karafuu, liandike barua ya adabu kwa taasisi inayohusika, na liitunze nakala. Wakijibu, tutachapisha jawabu lao kama lilivyo. Wasipojibu, tutachapisha tarehe ya barua yetu na idadi ya siku zilizopita, bila ya kuongeza tusi wala neno.

Kirangozi wa zamani hakuwa mtawala wala hakuwa tajiri. Alikuwa mpagazi aliyeaminiwa na wapagazi wenziwe kuwa akisema maji yapo, yapo, na akisema hayapo, hayapo. Serikali yoyote itakayowapata watu wa namna hiyo katika ofisi zake za khabari haitahitaji kujisifu. Na sisi tusikubali kuongozwa gizani na mtu asiyekunywa katika kisima chetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli na kuivumilia. Amin.