Hisa si hisia

Daktari akikugusa unyayo na kukuuliza kama una hisia, hana habari na akiba yako ya benki. Dalali akikuuliza kama una hisa, mguu wako haumhusu. Masikioni maneno haya ni kama ndugu, kumbe ni majirani tu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na aliyepita madrasa atakumbuka kwamba huko kuna herufi mbili za sauti ya s, swadi na sini. Hisa, yaani fungu la mtu katika mgawo, huandikwa kwa swadi. Hisia, jamaa ya kuhisi, kwa sini. Kiswahili kikazivika zote herufi moja, nasi tukabaki kubahatisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa oksijeni, kwa hiyo hisa na wodi zilikutana mapema! Homa na homoni nazo hazijuani kabisa: homa ni ya Kiarabu, ilhali homoni aliileta Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, akiichota kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea.