Mtoto mmoja, ofisi nne, mwenye dhamana hayupo

Huduma kwa watu wenye ulemavu wa akili nchini Tanzania zipo, ila hazijuani. Wa kulaumiwa ni Serikali, si wazazi.

Tazama bahasha ya kaki anayotembea nayo mama wa mtoto mwenye ulemavu wa akili na kifafa. Mna kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha dawa, barua ya rufaa, barua ya serikali ya mtaa yenye mihuri miwili. Kila dirisha anaanza upya: mtoto alizaliwaje, alichelewa kulia, degedege lilimwanza lini. Daktari hajui kama mtoto anasoma. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, hata aliyefundwa vizuri pale chuo cha ualimu cha Patandi, hajaambiwa kwamba mwanafunzi wake anatumia fenobabito, dawa ya kifafa, wala kwamba dawa iliisha wiki iliyopita. Anachokiona ni mtoto anayeanguka darasani. Anayewaunganisha wote hao ni mama, kwa nauli yake, siku ambayo hakwenda gengeni.

Chanzo kinajulikana. Zahanati na shule za msingi ziko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali za rufaa na sera ya tiba ziko Wizara ya Afya. Ustawi wa jamii ulihamishiwa mwaka 2022 kwenye wizara ya maendeleo ya jamii. Masuala ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Mgawanyo huo una sababu zake, na hatudai wizara nyingine mpya; zilizopo zinatosha. Tunachokikataa ni mtoto kuangukia katikati yake.

Na huangukia hasa anapotimiza miaka 5. Mpaka hapo anapimwa uzito kliniki na sera inataka atibiwe bure. Baada ya hapo msamaha wa umri unakoma, kadi inafungiwa kabatini, na hakuna ofisi inayokabidhiwa mtoto huyo kwa maandishi. Ajabu ni kwamba ulemavu wa akili usio mkali mara nyingi hugundulika wakati huohuo, wenzake wanapoanza shule. Yaani Serikali humwachia mkono pale anapohitaji kushikwa.

Akikua, mambo hayawi mepesi. Kitengo cha shule ya msingi kikishamaliza kazi yake, wengi hurudi nyumbani kukaa. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu, jambo jema. Lakini kijana asiyeweza kuhesabu chenji, bila mtu wa kumsimamia, anakopeshwa nini?

Asije mtu akatuambia sheria haipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010 na ilielekeza kuundwa kwa kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009. Kamati isiyo na orodha ya watoto wa mtaa wake, isiyojua nani kakosa dawa na nani kaacha shule, ni kamati ya posho.

Tunataka TAMISEMI itoe waraka kabla ya mwaka ujao wa fedha. Kila mwenye ulemavu wa akili awe na afisa ustawi wa jamii mmoja anayetajwa kwa jina, na jalada moja linalomfuata kutoka kliniki hadi shuleni, na kutoka shuleni hadi utu uzima, kwa ridhaa ya familia na kwa siri inayostahili. Akihamishwa afisa, akabidhi majalada kama mhasibu anavyokabidhi vitabu. Maafisa hao ni wachache, tunalijua hilo. Basi waajiriwe, na wapewe angalau pikipiki na mafuta.

Wakurugenzi wa halmashauri wapimwe kwa hilo. Mkurugenzi asiyeweza kutaja idadi ya watoto hao katika eneo lake, na jina la anayewasimamia, hajafanya kazi yake.