MAMBO YA BARABARA: MZIGO WA MWENZIO

Kinanie ni mahali panapobadilika upesi. Hapo kale nchi hiyo, iliyo katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, ilijulikana zaidi kwa majani makavu na mifugo. Siku hizi viwanja vimepimwa, nyumba za mawe zinainuka, na Serikali imetenga mahali pa viwanda vya ngozi. Mambo hayo ni mema. Lakini nyumba haijengwi kwa maneno matupu. Yataka mchanga, mawe, kokoto na saruji, na vitu hivyo vyote huja juu ya lori. Kwa hiyo watu wa Kinanie, wapende wasipende, wamekuwa majirani wa malori. Na yafaa kila mtu amjue jirani yake, tabia zake njema na mbaya.

Katika eneo lile lile la Mavoko, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, uko mji uitwao Mlolongo. Husemwa kwamba jina hilo latokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingoja zamu yao kwenye mizani. Mtu apitaye njia akiyaona malori yamejipanga husema, "Hapa Serikali yatafuta fedha." Mwingine husema, "Mzigo ni wao na gari ni lao, basi wapimiwa nini?" Maswali hayo yastahili kujibiwa, wala hayastahili kudharauliwa, maana mtu asiyeielewa sheria huitii kwa kumwogopa askari tu, na askari akiondoka, utii nao huondoka.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka 2013, yasema kwamba lori, pamoja na tela lake na mzigo wake wote, lisizidi tani 56. Tena haitoshi kuhesabu uzito wote kwa jumla. Kila ekseli, yaani kile chuma kiungacho magurudumu ya upande mmoja na ya upande wa pili, ina kipimo chake. Ekseli ya mbele, iliyo ya usukani, haina ruhusa kubeba zaidi ya tani 8. Na ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu 4 haina ruhusa kuzidi tani 10.

Sababu ya kupima ekseli moja moja si ngumu kuifahamu. Mtu akivuka shamba lenye matope mikono mitupu, unyayo wake huzama kidogo. Akivuka na gunia la mahindi mabegani, huzama sana, na shimo analoliacha hujaa maji. Barabara ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 1958 hadi 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wataalamu walipitisha malori muda mrefu juu ya barabara zilizojengwa za kujaribia, huku wakipima jinsi zinavyoharibika. Waliyoyaona yaliwashangaza watu wengi. Mzigo ukiongezeka kidogo, madhara ya barabara hayaongezeki kidogo, huruka. Ekseli ya tani 10 ikitiwa tani 12, mzigo umezidi kwa sehemu moja ya tano tu, lakini madhara yake huwa karibu maradufu. Ikitiwa tani 15, madhara hufika kama mara 5. Kwa hiyo lori moja lililozidishwa mzigo laweza kuichosha lami kuliko malori kadhaa yaliyofuata sheria.

Na nani alipaye gharama ya kutengeneza barabara hiyo? Katika Kenya, kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa matengenezo ya barabara. Mkulima asiye na gari hata moja hulipa ushuru huo ndani ya nauli yake na ndani ya bei ya sukari dukani. Basi mwenye lori akipata faida kwa tani zilizozidi, faida ni yake peke yake, lakini hasara ameigawa kwa nchi nzima.

Hata hivyo, habari ya lami si kubwa kama habari ya roho za watu. Lori laweza kulaza mzigo mzito juu ya magurudumu yake, nalo likatembea vizuri katika tambarare, hata mwenyewe akadhani hakuna neno. Lakini siku ya kusimama ndiyo siku ya kuulizwa. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 katika kila sekunde. Dereva akishtuka na kufikiri kwa sekunde moja na nusu tu kabla ya kukanyaga breki, amekwisha kupita mita 33, na breki haijaanza kazi. Tena breki ni kitu kinachosuguana na kingine, na msuguano huleta moto. Katika mteremko mrefu, lori zito likishikwa kwa breki tupu, breki hupata moto kupita kiasi, kisha hupoteza nguvu. Ndiyo maana dereva mwenye maarifa huingiza gia ndogo kabla hajaanza kuteremka, injini ikamsaidia kulizuia gari. Na yule aliyetoa gia ili gari literemke lenyewe, apate kuokoa mafuta kidogo, ameuza uhai wake na wa wengine kwa bei ya lita mbili tatu za dizeli.

Wakenya wameyaona matokeo kwa macho yao. Usiku wa Desemba 2016, mahali paitwapo Karai, karibu na Naivasha, lori lililobeba dawa za kuwaka moto liliyagonga magari mengine, na karibu watu 40 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori viligongana, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lilimshinda dereva, likayagonga magari ya abiria na kuwaingilia watu waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Habari hiyo ya Londiani yafaa ifikiriwe sana na kila kijiji chenye soko la kandokando ya njia. Wale wachuuzi hawakupanda gari lolote siku ile. Walikuwa wameketi mbele ya vitu vyao.

Hapo ndipo lifaapo kuulizwa swali lililo kubwa kuliko yote: kosa la lori lililozidishwa huanzia wapi? Wengi hujibu kwamba huanzia kwa dereva, na wengine kwamba huanzia kwa askari aliyelala. Lakini mzigo haujipakii wenyewe. Kosa huanzia mahali pa kupakia.

Na tutolee mfano wa mtu mmoja, asiye na jina, anayejenga nyumba yake Kinanie. Amenunua mchanga, amekubaliana nauli, naye amesimama kando ya lori likipakiwa.

"Kijana wangu," asema, "ongeza koleo chache. Safari ni ile ile."

"Mzee," ajibu dereva kwa heshima, "gari limekwisha shiba."

"Wenzako hubeba zaidi ya hapo. Nimempigia simu mwenye gari, naye amesema hakuna taabu."

Dereva anyamaza. Ana watoto shuleni, na aliyemwajiri ametoa neno. Koleo zaongezwa. Mzee afurahi kwamba amepata mchanga zaidi kwa nauli ile ile, na tajiri afurahi kwamba amempendeza mteja. Ajuaye uzito wa jambo hilo ni yule mmoja tu atakayeshika usukani. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani asiyeubeba huuona mwepesi.

Kisha lori lile, kwa kuwa limezidi, halitaki kuiona mizani. Dereva huiacha barabara kuu, akashika njia za vijijini, njia za udongo zisizojengwa kwa uzito ule. Mvua ikinyesha, njia hiyo hugeuka mifereji. Mama mjamzito hachukuliwi hospitali kwa wakati; maziwa huchelewa kufika sokoni; watoto wa shule husukumwa vichakani na gari lisilokuwa na haja ya kupita hapo. Na huenda mzee aliyeomba koleo chache akawa wa kwanza kulalamika kwamba barabara ya kwao imeharibika na Serikali haifanyi kazi.

Mambo ya mabasi hayako mbali na hayo. Mwezi wa Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, marehemu John Michuki, zilianza kutumika. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, lisipate kupita kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Na asichukuliwe abiria asiye na kiti. Wenye magari walinung'unika, na kwa siku kadhaa wasafiri wengi walikwenda kwa miguu. Lakini baadaye abiria walikaa wakiwa na nafasi na usalama, na wengi waliokuwa wakilaumu wakaanza kusifu. Kwa nini basi mambo yalilegea tena? Si kwa sababu kanuni zilifutwa. Ni kwa sababu abiria alikubali kubanwa, akaacha mkanda ukining'inia, akamwambia dereva, "Kaza mwendo, nimechelewa."

Sheria ya Kenya imekataza pia dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Hiyo ni sheria ya huruma. Usingizi hauogopi leseni, wala hauogopi dereva aliyezoea kazi miaka 20. Mwenye gari amwambiaye dereva arudi usiku ule ule aliofika, hana haki ya kulia kwamba gari lake limeanguka kwa bahati mbaya.

Yako pia malalamiko ya madereva, nayo ni haki kuyasikiliza. Husema kwamba kungoja kwenye mizani hupoteza siku. Na hapo mitambo mipya, ipimayo gari likiwa katika mwendo, imesaidia kutenga malori yaliyo sawa na yale yanayotiliwa shaka. Husema tena kwamba wako askari wapokeao rushwa, wakaliachilia gari bovu na kulizuia lililo zima. Neno hilo lisifichwe. Askari apokeaye noti kutoka dirishani hakumsamehe dereva. Ameliuzia lori ruhusa ya kwenda kuua mbele ya safari. Lakini rushwa yataka watu wawili, na mwenye gari lililo zima, lenye mzigo wa haki na karatasi zote, ana ujasiri wa kukataa ambao mwenye kosa hana.

Basi, yako mambo machache ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila kungoja askari. Anayeagiza mchanga au mawe na aulize kwanza gari limeruhusiwa kubeba tani ngapi, kisha aagize kwa kipimo hicho. Ikiwa mzigo ni mwingi, na uje kwa safari mbili. Karani aandikaye hati za mzigo kiwandani au ghalani na aandike uzito ulio wa kweli, maana kalamu yake ni mizani ya kwanza, iliyotangulia ile ya Mlolongo. Mwenye lori na alipeleke gari kukaguliwa akiwa na nia ya kujua ubovu wake, si nia ya kupata karatasi tu. Breki, matairi, taa na vile vibao vya kung'aa vya nyuma vitazamwe kabla ya safari. Gari likiharibika njiani usiku, alama za kuonya ziwekwe mbali nalo, si matawi ya miti yaliyotupwa chini ya tela. Abiria na afunge mkanda, akatae kupanda basi lililojaa, na amkanye dereva kwa adabu akiona mwendo umezidi. Nao wachuuzi na wasogeze meza zao mbali na ukingo wa barabara, hata ikiwa wateja watatembea hatua kumi zaidi.

Kinanie itazidi kujengwa, na malori yatazidi kuja. Hakuna atakaye yazuiwe. Linalotakiwa ni kwamba kila lori lifike na mzigo wake, lishushe, na dereva arudi nyumbani kwake salama. Yule mzee aliyesimama kando ya lori akiomba koleo chache ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Neno lake moja, "Imetosha," likisemwa mchanga ukiwa bado chini, hufanya kazi ambayo askari wa barabara nzima hawawezi kuifanya gari likiwa limekwisha kuondoka.