Kutaka kipya kuliniponza steshenari kwa shangazi

Mie mwili mzima, moyo ndo una kovu. Leo sina stori ya mapenzi wala ya harusi ya mtu. Leo naungama kosa langu mwenyewe, ili na wewe unayejiita mtaalamu wa kompyuta mtaani kwenu usije ukaumbuka kama nilivyoumbuka mimi.

Si unajua nikiwa sina cha kufanya nashinda steshenari kwa shangazi? Pale kuna kompyuta moja, mzee wa kazi. Virusi vya flashi za wateja vilikuwa vinaimaliza, basi nikaiwekea Debian, ule mfumo wa bure ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ikatulia kama maji mtungini. Ilikuwa Debian 12, wenyewe wanaiita bookworm. Matoleo yao wanayapa majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story.

Basi bwana, mwaka 2025 mwezi wa sita, mshikaji wangu mmoja akanitia ndimu. "Oya, GIMP 3 imetoka tangu Machi, we bado uko na 2.10? Utatengeneza kadi za kizamani mpaka lini?" Mtoto wa kiume nikachomeka. Bookworm haikuwa na GIMP 3. Ilikuwa kwenye trixie, toleo lililofuata, ambalo wakati huo lilikuwa bado jikoni. Mshikaji kanambia dawa ni ndogo tu: fungua lile faili linaloiambia kompyuta ichukue programu wapi, ongeza mstari mmoja wa trixie, kisha sakinisha. Nikafanya. GIMP mpya hii hapa! Siku mbili nikatembea kifua mbele.

Kumbe GIMP haikuja peke yake, ilikuja na ukoo mzima. Ndani ya ukoo huo alikuwemo mkubwa mmoja anaitwa libc6. Huyu ni kama msingi wa nyumba: karibu kila programu kwenye mashine inamtegemea. Bookworm wanaye namba 2.36, trixie wanaye 2.41. Nikabadilisha msingi huku nimelala chumbani, wala sikustuka.

Siku ya tatu, kwa mazoea, nikaandika apt upgrade nikaenda kunywa chai. Ule mstari wa trixie bado upo! Usipoiambia kompyuta ipi ni bora, inayapa matoleo yote mawili kipaumbele kile kile, 500, halafu inachukua lililo jipya zaidi. Nikarudi nikakuta mamia ya programu yamepanda kwenda trixie, mengine yamebaki bookworm kwa sababu amri ile haiondoi kitu. Mashine ikawa nusu kuku nusu bata.

Printa ikagoma. Programu yake tuliitoa kwa mtengenezaji, ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani, na jirani zake wapya haikuwajua.

Sasa sikia balaa. Akaingia mzee mmoja, macho mekundu. Kafiwa na mama yake. Anataka ratiba ya mazishi nakala mia, tunazika kesho saa saba. Shangazi akaniita, "Mwanangu, mchapie baba yako hapa haraka." Mwanangu! Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Nikafuta ule mstari wa trixie, nikidhani mambo yatarudi yenyewe. Wapi! Ukifuta mstari umefunga duka tu, bidhaa ulizokwishanunua bado ziko sebuleni. Nikatafuta, nikaona kwamba kipaumbele cha 1000 kwenda juu kinairuhusu kompyuta kushusha toleo. Nikaipa bookworm 1001, nikaandika apt full-upgrade. Ikaniletea orodha ndefu: hizi zitashushwa, hizi zitaondolewa. Kidole tayari kiko kwenye Y.

Bahati nzuri alikuwa anapita braza mmoja fundi, mtu mzima kidogo. Nikampa shikamoo ya haraka haraka. Akainama, akasoma. "Dogo, hii orodha umeisoma?" Nikamwambia nimeiona. "Sijauliza umeiona. Umeisoma? Hapa inataka kuondoa dawati lote la picha. Halafu libc6 inashuka. Ikikwama katikati, hata amri ya kuangalia mafaili haitafanya kazi. Kazi za wateja umezitunza wapi?"

Nikanyamaza. Zilikuwa mle mle ndani.

Akanieleza kitu ambacho sitakisahau. Watengenezaji wa Debian wanapotoa programu mpya wanaweka ndani yake maelekezo ya kubadili mipangilio yako kutoka ya zamani kwenda mpya. Ya kurudisha nyuma hawaandiki, na kushusha toleo hawakudhamini. Na mafaili yako nayo yakishaguswa na programu mpya yanaweza kuikataa ya zamani. Firefox, tangu toleo la 67 la mwaka 2019, ukiirudisha nyuma inakataa kufungua kumbukumbu zako za mwanzo, inakwambia utengeneze mpya. "Unga ukishakuwa ugali," akasema, "haurudi kwenye kiroba."

Tukafanyaje? Tukaiwasha mashine kwa flashi, tukanakili kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, tukafuta, tukaweka Debian 12 upya. Mpaka usiku. Ratiba ya yule mzee nikaenda kuichapisha steshenari ya ng'ambo ya barabara, kwa pesa yangu, nikampelekea mpaka msibani. Akanishukuru. Ila tangu siku hiyo kazi zake anapeleka ng'ambo. Na shangazi hakunisema hata neno moja. Wewe mwenyewe unajua ukimya wa shangazi ulivyo mzito.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: trixie ilitoka rasmi kama Debian 13 tarehe 9 Agosti 2025, na GIMP 3 ikiwemo ndani. Nilichotakiwa kufanya ni kusubiri miezi miwili, basi!

Kwa hiyo mshikaji, ukishachanganya matoleo, usikurupuke. Kwanza tunza kazi zako nje ya mashine. Pili, andika apt policy na jina la programu, uone imetoka wapi. Kama zilizopanda ni moja mbili ndogo ndogo, unaweza kuzishusha kwa jina, mfano apt install gimp/bookworm, ila soma orodha yote kabla ya kubonyeza Y. Ikiwa libc6 nayo imepanda, chagua moja: songa mbele mpaka mashine yote iwe toleo jipya, au futa uweke upya. Katikati hapakaliki.

Na ukitaka programu mpya juu ya mfumo wa zamani, zipo njia za kistaarabu. Kuna backports, hizo ni programu mpya zilizotengenezwa upya kwa ajili ya toleo lako. Kuna na Flatpak, inayokuja na ukoo wake bila kugusa msingi wa nyumba yako. GIMP 3 ipo huko.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mie yaliniponyoka yote mawili, na mteja juu.

Shangazi, najua unasoma ukurasa huu. Nisamehe, mama. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!