Tangi la Mafuta Lina Heshima Kushinda Mimba

Ukipita Shimanzi kwenye matangi ya mafuta, kibao kiko ukutani: usivute sigara. Na watu wanatii, wallahi. Dereva wa lori mwenye uraibu wa miaka ishirini anaizima, anaikanyaga, ndio apite. Hujasikia hata mmoja akimwambia askari wa geti, "Mbona babu yangu alivuta na hakuungua?"

Sasa mwanamume yule yule akifika nyumbani, chumba kimoja, dirisha moja, mke ana mimba ya miezi sita, anawasha. Ukimsemesha anakujibu, "Kwani yeye ndiye anayevuta?"

Haya, tuliongee hilo.

Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi. Gesi hiyo inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Nikotini nayo inabana mishipa, pamoja na ile inayopeleka damu kwenye kondo. Mtoto aliye tumboni hana dirisha la kufungua. Anachopata ni kile kilichobaki kwa mamake. Mama anayevuta yuko kwenye hatari zaidi ya mimba kuharibika, kuzaa kabla ya wakati na kuzaa mtoto chini ya kilo 2.5. Asiyevuta lakini anaishi ndani ya moshi wa mwenziwe, mtoto wake pia uzito unapungua. Na wale wanaosema mtoto mdogo ni rahisi kuzaa, waende wakaone watoto njiti wanavyohangaika kupumua.

Nilimsindikiza dadangu kliniki. Muuguzi hata hakuinua macho: "Unavuta sigara?" La. Tiki. Mwingine! Simlaumu sana, foleni ilikuwa imefika nje. Lakini swali gani hilo? Mama wa Mombasa, na buibui lake, mbele ya wanawake kumi wanaomjua, atasema ndiyo? Na hakuulizwa nani anavuta nyumbani kwao. Hakuulizwa shisha wala kuberi. Tiki ikaingia kitabuni, dada akarudi nyumbani kwa moshi ule ule.

Kisha tunasema wanawake hawana elimu ya afya. Watatoa wapi? Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inataka onyo liandikwe kwenye pakiti, kwa Kiswahili na Kiingereza. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Nenda dukani kwenu useme, "Nipe moja." Utapewa, na kiberiti utawashiwa. Onyo limebaki na muuza duka! Anayenunua moja moja, ambaye ndiye masikini wetu, halioni kabisa.

Shisha ilipigwa marufuku Disemba 2017, na bado watu wanaipata. Wadada wananiambia moshi unapita kwenye maji, kwa hivyo ni safi. Maji yanaupoza moshi, hayaoshi sumu. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2005 kwamba kikao kimoja chaweza kukuingizia moshi wa sigara mia au zaidi. Na kuberi, ati "si sigara, haina moshi." Nikotini ni nikotini, iwe ya kuvuta au ya kuweka mdomoni.

Najua mtaniletea bibi zenu waliotafuna tambuu na tumbaku wakazaa watoto tisa. Sawa. Muulizeni bibi huyo alizika wangapi. Sisi huhesabu waliokua, na waliozikwa wachanga hatuwataji.

Ninachotaka si kikubwa. Mama aulizwe faraghani, kwa Kiswahili, na swali liwe juu ya nyumba nzima. Mume aitwe aelezwe yeye mwenyewe, asiachiwe mke amhubirie usiku. Kaunti iwafuate wauzaji wa moja moja. Na mama anayevuta asitukanwe, asaidiwe. Akiacha leo, hata kama mimba ni kubwa, mtoto anafaidika.

Na wewe baba, toka nje. Kufungua dirisha hakutoshi, wala kukaa mlangoni moshi ukirudi ndani. Toka kabisa, na ukiweza, acha. Kwenye matangi ya Shimanzi unajizuia bila kubishana na mtu. Basi kwako kuna mtoto.

Mtumie shemeji yako hii kabla hajawasha ya jioni.