Akiba Haiozi, Saa Janja Inaoza

Tarehe 24 Aprili 2015 kampuni ya Apple ilianza kuuza saa janja yake ya kwanza. Ya bei ya chini, ya alumini, ilikuwa dola 349. Ya juu, yenye kasha la dhahabu ya karati 18, ilianzia dola 10,000 na kupanda hadi 17,000. Siku mbili baadaye maandamano yakaanza Bujumbura, na mwezi wa Mei maelfu ya Warundi walikuwa wanalala ufukweni Kagunga, wakingojea meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Sisemi mambo hayo yana undugu. Nasema mwaka ule dhahabu ilivaliwa kwa namna mbili: kuna waliolipia saa ya dola 10,000, na kuna mama waliovuka mpaka na pete iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Nani alikuwa na akili? Mimi nasema ni mama, na hesabu ninayo.

Tuanze na saa yenyewe. Ndani ya ile ya dola 349 na ile ya dola 17,000 mlikuwa na chipu ileile na programu ileile. Septemba 2016 Apple wenyewe wakaiacha dhahabu, wakaleta kauri. Septemba 2018 ikatoka programu mpya, na saa zile za kwanza zikaachwa nje, ya alumini na ya dhahabu pamoja. Miaka mitatu na miezi mitano tu! Kasha linang'aa kama siku ya kwanza, ila kilichomo ndani kimeshazeeka.

Mtu ataniambia: "Wee, dhahabu si inabaki? Ataiyeyusha." Sawa, tuiyeyushe. Aprili 2015 aunsi moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 1,200, yaani gramu moja kama dola 39. Karati 18 maana yake robo tatu ni dhahabu, iliyobaki ni madini mengine. Tuwe wakarimu, tuseme kasha lilikuwa na gramu 50 za dhahabu safi. Hazifiki dola 2,000. Zile 8,000 nyingine zimeenda wapi? Zimelipia jina, na jina haliyeyushwi. Ni kweli bei imepanda sana, mwaka 2025 aunsi ilipita dola 4,000. Lakini kupanda huko ni kazi ya dhahabu, si ya saa, na hata kwa bei hiyo gramu 50 bado hazirudishi dola 10,000.

Mwingine atasema saa za dhahabu zipo tangu zamani, mbona hatukulalamika? Kwa sababu saa ya zamani ina springi na magurudumu ya meno. Ikisimama, fundi saa wa sokoni anaifungua, anaisafisha, inaendelea. Baba anamwachia mwana. Hapo dhahabu imepata mwenzake wa kuishi naye. Saa janja haina fundi wa namna hiyo, kwa maana uhai wake uko mikononi mwa kampuni iliyo mbali. Watengenezaji wanalijua hilo. TAG Heuer walipotoa saa janja yao mwaka 2015, waliahidi kwamba baada ya miaka miwili mteja anaweza kuirudisha, akaongeza pesa, akapewa saa ya kawaida ya magurudumu. Muuzaji anayekupangia siku ya kuitupa bidhaa yake amekwisha kukiri.

Na hapa ndipo sisi wa Rumonge tunapojua jambo ambalo tajiri hajafundishwa. Kuna mali inayoishi kwa ruhusa ya mtu mwingine, na kuna mali isiyoomba ruhusa. Shamba linaomba ruhusa. Waliokimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972 waliacha michikichi imesimama, na wengi waliporudi walikuta wengine wanavuna. Mchikichi haubebeki kwenye mtumbwi. Noti nayo inaomba ruhusa. Mei 2023 dola moja ilitoka karibu faranga 2,100 ikapita 2,800 kwa uamuzi wa Benki Kuu. Juni mwaka huohuo likaja tangazo: noti za zamani za 5,000 na 10,000 zina siku kumi tu, baada ya hapo ni karatasi. Uliyekuwa kambini ng'ambo ya mpaka na akiba yako kwenye soksi, ungefanya nini?

Pete haikutangaziwa siku kumi. Unaipeleka kwa sonara Kigoma, au Uvira, au Bujumbura, anaipima, anakulipa. Haulizi kitambulisho cha dhahabu. Wahenga walisema akiba haiozi, na hii ndiyo akiba yenyewe. Sasa, kuchukua kitu kisichoomba ruhusa ya mtu ukakifunga kwenye kitu kinachokufa kwa tangazo la kampuni, hiyo si anasa, ni ujinga wenye risiti.

Jamani, siichukii teknolojia. Dhahabu ina kazi ya maana ndani ya simu: utando mwembamba kwenye viunganishi, kwa sababu haishiki kutu. Hapo kidogo sana kinatosha. Lakini ng'ambo ya ziwa, Misisi na Kamituga, watu wanaingia mashimoni kwa chepeo na tochi, na shimo likiporomoka hawatoki. Anayetaka jasho hilo lipambe betri ya miaka mitatu atupe sababu. "Pesa ni zangu" si sababu. Vijana nanyi, mkitaka saa janja nunueni ya plastiki. Ile ya "dhahabu" ya sokoni ni rangi tu.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wa mashirika. Nimesikia ikisemwa kwenye foleni ya uhakiki: "Huyu ana hereni za dhahabu, huyu si mhitaji." Acheni. Hereni zile si utajiri, ni benki yake, na huenda ni benki pekee iliyovuka naye. Ndizo dawa ya mtoto, ndizo nauli ya kurudi siku ikifika. Ukimwondoa kwenye orodha kwa sababu yake, unamlazimisha auze akiba ale mwezi mmoja, na mwezi wa pili atakuwa hana posho wala hereni. Mwulizeni ana nini cha kupika leo. Masikio yake yaacheni.