AFYA YA NYUMBA: Jicho Lisukumwalo Nje



Mwezi uliopita tulieleza habari za macho mekundu yenye tongo, yaambukizayo mtoto kwa mtoto. Tulikuwa tumenuia mwezi huu kusema juu ya meno. Lakini imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa bara, nasi tumeona haifai kungoja.

Mwalimu huyu asema ya kuwa katika mtaa wake yumo mama mmoja, mwimbaji wa kanisa, aliyekuwa mtu wa afya njema. Tangu mwaka jana macho yake yametokeza, kama macho ya mtu aliyeshtuka. Yanamwuma kwa ndani, yamekuwa mekundu, yatoka machozi, na usiku hayafumbiki sawasawa. Naye amekonda, ingawa ala kuliko zamani, na mikono yake yatetemeka hata chai humwagika kikombeni. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni hili, ya kuwa majirani zake, nao ni wabatizwa, wameacha kula chakula chake. Wanong'onezana kwamba macho ya namna hii si ya bure, na mtoto akiugua mtaani hutazamana wao kwa wao. Mwalimu atuuliza mambo mawili: Ugonjwa huu ni ugonjwa gani? Na watu wake awaambie nini?

Tutajibu moja moja.

Pango la jicho

Jicho limewekwa ndani ya pango la mfupa, pana mbele na jembamba nyuma. Pango hilo limeungwa kwa mifupa saba, nalo ni dogo: lingejazwa maji, yangetosha vijiko vikubwa viwili tu. Jicho lenyewe lachukua kama robo ya nafasi hiyo. Palipobaki pamejaa mafuta laini, misuli sita iligeuzayo jicho huku na huku, mishipa ya damu, na ule mshipa wa fahamu uchukuao mwanga mpaka kwenye ubongo.

Basi angalieni. Kuta za mfupa hazipanuki. Kitu cho chote kikizidi ndani ya pango, kiwe maji, damu, usaha, nyama iliyovimba au uvimbe uotao, hakina njia ila mlangoni. Ni kama wali uliotiwa mwingi chunguni: ukivimba, huinua kifuniko. Ndivyo jicho lisukumwavyo nje. Na kama lisipopata nafasi ya kutoka, ule mshipa wa fahamu husongwa, na mtu aweza kupofuka.

Kwa hiyo jicho lililotokeza si ugonjwa wenyewe, bali ni mjumbe wa ugonjwa ulio nyuma yake. Mtu akitaka kujua kama jicho limetokeza kweli, na amketishe mgonjwa, asimame nyuma yake, kisha atazame kutoka juu kupita nyusi zake. Jicho lililosukumwa litaonekana limepita mwenzake. Tena picha ya zamani, kama ile ya arusi, yasaidia sana; maana wako watu waliozaliwa na macho makubwa, wala hawana ugonjwa.

Sasa tuwatambue wagonjwa wa namna nne.

Kwanza: Tezi ya shingoni

Kwa watu wazima, hii ndiyo sababu ya kawaida, nasi twadhani ndiyo ya mama yule. Mbele ya koo iko tezi iongozayo mwendo wa kazi za mwili, kama mtu apunguzaye au aongezaye utambi wa taa. Mwaka 1835 daktari Robert Graves wa Dublin aliandika habari za wagonjwa waliovimba tezi hiyo na kupigwa na moyo kwa kasi. Na mwaka 1840 Karl von Basedow wa Ujerumani aliandika habari za ugonjwa uo huo pamoja na macho yaliyotokeza. Ndiyo sababu waganga wengine huuita ugonjwa wa Graves, na wengine wa Basedow.

Asili yake ni hii. Mungu ameweka katika damu askari wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakaipiga tezi ya mwili wao wenyewe, nayo hufanya kazi kupita kiasi. Mtu hukonda ingawa ala, moyo humwenda mbio, huona joto hata wakati wa baridi, hutetemeka, hukosa usingizi, na huwa mwepesi wa kukasirika. Askari hao hao huivamia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, yakavimba. Wanawake huupata kuliko wanaume. Wala si lazima shingo ivimbe sana. Pengine macho hutangulia, na dalili nyingine hufuata. Tena ugonjwa huu si sawasawa na rovu itokanayo na upungufu wa madini ya joto katika chakula.

Matibabu yake yana pande mbili. Upande wa tezi, daktari hupima damu, kisha hutoa vidonge vya kuipunguza nguvu, kama kabimazoli. Vidonge hivi humezwa kwa miezi mingi, wala mgonjwa asiviache kwa kuwa ameona nafuu. Akipata homa na koo kuuma wakati avimezapo, aviache kwanza, na siku ile ile arudi hospitalini apimwe damu, maana kwa watu wachache dawa hii hupunguza wale askari wa damu. Wengine hupasuliwa tezi. Wengine hupewa iodini yenye mionzi, lakini hii yaweza kuyazidisha maumivu ya macho. Basi mgonjwa na amwonyeshe daktari macho yake kabla ya kuinywa.

Upande wa macho, ugonjwa ukiwa mdogo, matone ya kulainisha mchana na marhamu usiku hutosha, pamoja na kuinua kichwa kwa mito miwili ili uvimbe upungue. Ukiwa mkali, hupewa dawa za kutuliza uvimbe kwa sindano za mshipani. Mshipa wa fahamu ukisongwa, na dawa zisipoufungua upesi, daktari hupunguza ukuta wa mfupa ili pango lipate nafasi. Na jambo moja lililo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe: tumbaku. Avutaye sigara huzidiwa na ugonjwa huu, na dawa hazimfai vema kama zimfaavyo asiyevuta. Aliye nao na aiache leo.

Pili: Usaha nyuma ya jicho

Huu ni ugonjwa wa haraka, na huwapata watoto zaidi. Mara nyingi huanzia katika mianzi ya mifupa iliyo kando ya pua. Mtoto huwa na mafua mazito siku kadha, kisha kope huvimba na kuwa nyekundu, homa hupanda, jicho hutokeza, naye hulia akiligeuza. Hapo pana ukuta mwembamba kama karatasi kati ya pua na jicho, na vijidudu vimekwisha kuupita. Visipozuiwa, vyaweza kulipofusha jicho, au kuingia katika ubongo na kumwua mtoto.

Dawa yake si ya nyumbani, wala si vidonge vya dukani. Ni kulazwa hospitalini, kuchomwa sindano za mshipani za kuua vijidudu, na pengine kupasuliwa ili usaha utoke. Mtoto apelekwaye siku ya kwanza kwa kawaida hupona na jicho lake. Mzazi asiseme, "Tungoje mpaka siku ya soko."

Tatu: Uvimbe wa watoto

Iko saratani ya ndani ya jicho iwapatayo watoto wadogo, wengi wao walio chini ya miaka mitano. Mwanzo wake hauna maumivu. Mama huona weupe ndani ya mboni, unaong'aa kama jicho la paka usiku, au jicho huanza kwenda upande. Hapo ndipo penye tumaini: ikiwahiwa wakati huo, watoto walio wengi huishi. Ikiachwa mpaka jicho litokeze na kuuma, kazi huwa ngumu sana. Pengine daktari husema jicho liondolewe, na wazazi humchukua mtoto wakarudi naye nyumbani. Twawasihi wasifanye hivyo. Mtoto mwenye jicho moja husoma, hulima, huoa na huolewa.

Iko nyingine iliyojulikana sana katika nchi zetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya majuma machache alimwona mwingine kama yeye huko Jinja. Alianza kuuliza na kuandika, na mwaka 1958 alitangaza habari za uvimbe huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa pamoja na madaktari wawili wenzake, kama maili 10,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo waonekana na wapi hauonekani. Aligundua ya kuwa hufuata nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Burkitt alikuwa Mkristo wa sala. Naye mwenyewe alikuwa na jicho moja tu, kwa kuwa lile jingine alilipoteza kwa ajali utotoni.

Uvimbe huo hukua upesi ajabu. Meno ya mtoto hulegea, taya huvimba, na ukipanda juu hulisukuma jicho nje katika muda wa majuma machache. Lakini neema iliyomo ni hii: kwa kuwa wakua upesi, dawa za saratani huuyeyusha upesi pia, na watoto wengi wapelekwao mapema hupona. Mwalimu amwonapo mwanafunzi ambaye meno yake yatikisika pasipo wakati wake na jicho latokeza, asingoje likizo.

Nne: Mapigo

Mtu akipigwa kwa fimbo, jiwe au mpira, au akianguka katika pikipiki, damu yaweza kumwagika nyuma ya jicho. Jicho likitokeza, likawa gumu, likauma sana, na kuona kukapungua, zimebaki saa chache tu kabla ya kupofuka. Na apelekwe mara hiyo, hata usiku wa manane. Pengine baada ya siku kadha jicho hutokeza na kupigapiga pamoja na moyo, naye mgonjwa husikia uvumi kichwani. Hapo mishipa ya damu imepasukiana ndani, na hospitali kubwa zaweza kuiziba.

Neno la kuwaambia watu

Twarudi kwa swali la pili la mwalimu. Mmeona sasa sababu za jicho kutokeza: tezi, usaha, uvimbe, damu. Je, ni ipi kati ya hizo iliyotoka kwa jirani? Hakuna. Lakini sisi sote twajua jinsi vikongwe walivyouawa katika sehemu za Mwanza na Shinyanga kwa kusingiziwa uchawi, kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu. Na wekundu ule mara nyingi ulikuwa wa moshi wa jikoni, moshi wa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Mauaji yale hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa mnong'ono, na kwa sahani ya chakula iliyokataliwa.

Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana hakuwakubalia swali lile. Hakutafuta mkosaji; alimpaka macho yule mtu, akamtuma kwenda kunawa. Basi Mkristo aonapo jicho lenye ugonjwa, swali lake lisiwe "Nani amefanya?" bali "Nani atampeleka?"

Kwa hiyo, mwalimu, twakushauri hivi. Jumapili hii, baada ya ibada, wewe na mkeo nendeni nyumbani kwa mama huyo mchana kweupe, mkale chakula chake. Watu wataona, nanyi hamna haja ya kuhubiri sana. Kisha wazee wa kanisa wachange nauli, na mtu mmoja amsindikize hospitalini. Akisema ya kuwa rangi zimefifia, au aona kitu kimoja kuwa viwili, au jicho limekuwa na doa jeupe, msingoje Jumapili, mwondoke leo.

Ya kukumbuka nyumbani

1. Jicho lililotokeza lisikandamizwe wala kufungwa kwa nguvu.
2. Lisitiwe maji ya majani, mkojo, asali wala maziwa ya mama. Wengi wamepofuka kwa dawa, si kwa ugonjwa.
3. Msinunue matone dukani bila cheti cha daktari. Mengine hutuliza maumivu huku yakiliharibu jicho.
4. Jicho lisilofumba lilindwe na vumbi na moshi, na mgonjwa asipike penye moshi mwingi.
5. Homa pamoja na jicho lililotokeza, au kuona kunakopungua, ni safari ya siku ile ile.
6. Zahanati isipoweza, ombeni barua ya kwenda mbele. Wako madaktari wa macho Muhimbili na KCMC Moshi. Kenya wako Kikuyu. Uganda wako Mulago, na Ruharo karibu na Mbarara.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasema juu ya meno kama tulivyoahidi. Nawe mwalimu, utuandikie habari za mama huyo. Twamwombea, na twawaombea majirani zake pia.